Uuguzi na Ujirani: Funzo la Mazimbu

Mwaka 1977 Tanzania iliwapa wapigania uhuru wa ANC shamba la zamani la mkonge huko Mazimbu, Morogoro. Hospitali iliyojengwa hapo kwa msaada wa Waholanzi, na kufunguliwa mwaka 1984, ilitibu wakimbizi na wanavijiji pia. Kwao Afrika Kusini, sheria ilitenga wagonjwa kwa rangi, ingawa kanuni za kimataifa za wauguzi za mwaka 1953 zilikataa ubaguzi huo. Kumbe muuguzi aweza kutii sheria na bado akamkosea mgonjwa. Nchini mwetu, Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 humwajibisha muuguzi mbele ya Baraza; lakini Baraza husikiliza malalamiko baada ya madhara, ilhali wodini usiku dhamiri ndiyo hutangulia. Mwanasheria wa Luka 10 alitaka mpaka wa ujirani. Alijibiwa kwa habari za Msamaria aliyefunga majeraha.