Husuni Kubwa: ngome isiyokuwa ngome

Kama unakaa Mtoni, Mbagala au Kongowe, Barabara ya Kilwa unaipita karibu kila siku. Ukiifuata kusini kama kilomita 300 hivi unafika Kilwa Masoko, na hapo unavuka kwa mashua kwenda Kilwa Kisiwani. Kaskazini mwa kisiwa, juu ya jabali linalotazama bahari, kuna magofu yanayoitwa Husuni Kubwa.

Husuni ni neno la Kiarabu lenye maana ya ngome. Sasa, tukisikia ngome ya zama za kati, wengi wetu tunawaza Ulaya. Chukua Château Gaillard ya Ufaransa: Mfalme Richard wa Uingereza aliijenga kati ya 1196 na 1198 kumzuia mfalme wa Ufaransa. Minara, mahandaki, kuta nene, yote kwa ajili ya swali moja: adui akija itakuwaje? (Wafaransa waliiteka 1204, hata hivyo.)

Husuni Kubwa haishughuliki kabisa na swali hilo. Ina vyumba zaidi ya 100, ua wenye ngazi za kukalia, na bwawa la kuogea lenye pembe nane. Upande wa kusini kuna ua mpana uliozungukwa na vyumba vidogo, ambavyo huenda vilikuwa maghala ya bidhaa. Kwa maoni yangu jina linatupotosha: hii ilikuwa ikulu ya mtu wa biashara.

Mwenyewe ni Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyetawala mwanzoni mwa karne ya 14. Jina lake lilikutwa kwenye jiwe lililochongwa, wakati Neville Chittick alipofukua hapo miaka ya 1960. Sarafu yake ya shaba ilikutwa mbali zaidi, Zimbabwe Kuu, na hapo unapata jibu la fedha za ujenzi zilikotoka. Dhahabu ya bara ilishuka hadi Sofala, Msumbiji ya leo, kisha ikapita mikononi mwa Kilwa.

Ujenzi wenyewe ni somo la sayansi. Kuta ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na chokaa hiyo ilipatikana kwa kuchoma matumbawe hayohayo. Sehemu za nakshi zilitumia matumbawe yaliyotolewa baharini yakiwa mabichi: yanachongeka kirahisi, halafu hewani yanakuwa magumu. Dari ilibebwa na boriti za mikoko. Boriti haziwi ndefu sana, ndiyo maana chumba cha namna hii kinaweza kurefuka utakavyo lakini upana wake hauzidi sana mita 2 na nusu au 3. Yaani mti wa mkoko ndio uliopanga ukubwa wa chumba cha sultani! Walipotaka kukwepa sheria hiyo, walijenga kuba.

Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, sultani huyo akiwa madarakani. Aliusifu mji na ukarimu wa mtawala, lakini nyumba alizozieleza ni za mbao. Ikulu ya mawe hakuitaja. Na kwa kweli jengo halikukamilika. Lilitumika kwa muda mfupi tu, likaachwa.

Wareno walipokuja na merikebu za vita mwaka 1505, chini ya Francisco de Almeida, mji ulitekwa bila mapigano makubwa. Kitu cha kwanza walichokifanya ni kujenga kile ambacho Kilwa haikuwa nacho: ngome ya kweli, yenye mizinga. Waliihama mwaka 1512. Jengo unaloliona leo karibu na gati, Gereza, lilijengwa upya na Waomani juu ya mabaki ya Wareno.

Ukienda, wageni wengi huishia Gereza na Msikiti Mkuu kwa sababu viko karibu. Mwambie mwongozaji mapema kwamba unataka kufika Husuni, na uvae viatu vya kutembelea.