Mtazamo wa wakutubi kuhusu akili mnemba

Mtazamo wa wakutubi kuhusu akili mnemba ni jumla ya imani, matumaini na hofu walizonazo wakutubi wa vyuo vikuu kuhusu kutumia mifumo ya kompyuta inayojifunza kutokana na data. Nchini Kenya teknolojia hiyo huitwa pia akili unde.

Historia

Wakutubi hawakuanza juzi kufanya kazi na mashine. Katika miaka ya 1960 Henriette Avram wa Maktaba ya Bunge la Marekani aliongoza uundaji wa MARC, muundo unaoiwezesha kompyuta kusoma taarifa za vitabu. Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Rhode Island nchini Marekani kilifungua maabara ya akili mnemba ndani ya maktaba yake. Mjadala kuhusu teknolojia hiyo ulipamba moto baada ya ChatGPT, programu inayojibu maswali kwa maandishi, kutolewa Novemba 2022.

Sababu za kuikubali

Modeli ya mtafiti Fred Davis ya mwaka 1989, inayotumiwa sana na watafiti, hueleza kuwa mtu hupokea teknolojia akiiona ina manufaa na ni rahisi kutumia. Kwa mkutubi hayo hayatoshi. Lazima kazi ya mashine iweze kuhakikiwa. Annif, programu ya Maktaba ya Taifa ya Finland, hupendekeza mada za chapisho, na mkutubi huweza kuzipitisha au kuzikataa akiwa na chapisho lenyewe mbele yake.

Sababu za kusita

Mwanafunzi hufika kaunta na orodha ya marejeo aliyopewa na programu kama ChatGPT. Mwandishi yupo, jarida lipo, juzuu na kurasa zimetajwa. Mkutubi akifungua juzuu hiyo, hukuta kurasa zilezile zina makala nyingine. Inayotafutwa haijawahi kuandikwa. Wengine huhofia ajira zao, au siri za wasomaji, kwa kuwa maktaba hujua nani ameazima nini. Kenya ilitunga sheria ya kulinda data mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022.

Afrika Mashariki

Mifumo mingi imefunzwa zaidi kwa matini za Kiingereza. Tasnifu ya Kiswahili iliyopo rafuni tu, bila nakala ya kidijitali, mashine haiwezi kuisoma, na msomaji anayeitegemea mashine peke yake hatajua kama ipo. Mkutubi aliyeipokea, akaipa namba na kuipanga, ndiye anayeweza kumfikisha kwayo. Kwa hiyo mafunzo ya akili mnemba yanapaswa kuanza na wakutubi wenyewe, kabla mfumo haujanunuliwa.