Kuta Nene za Mwambao wa Tanga
Kusini mwa Tanga, katika mwambao uleule ambako mnamo 1499 Vasco da Gama aliichoma merikebu yake São Rafael kwa uhaba wa mabaharia, yangali magofu ya msikiti na makaburi ya Tongoni, ambayo waashi wake waliyajenga kwa matumbawe na chokaa iliyochomwa kwa magogo. Majumba ya mawe ya Pangani yaliurithi ufundi huo: ukuta wa karibu nusu mita huipokea hari ya adhuhuri na kuichelewesha hata machweo. Boriti za mikoko zilivibana vyumba visizidi takriban mita 3 kwa upana, wala hiyo si taksiri ya fundi. Nasikitika mno kuona tofali nyembamba za saruji zikiachiwa mahali pa maarifa hayo, pasi na yeyote kuuliza jua litazuiwa na nini.