Mabadiliko ya Tabianchi na Shule Zetu: Kutoka Mlima Hanang hadi Gehandu

Asubuhi ya tarehe 3 Desemba 2023, Dominika ya Kwanza ya Majilio, sehemu ya Mlima Hanang iliporomoka baada ya mvua kubwa. Tope, mawe na magogo vilishuka hadi Katesh na vijiji jirani, vikaua watu zaidi ya 80. Walionusurika walihifadhiwa katika majengo ya shule. Darasa likawa makazi, na watoto waliopoteza wazazi, sare na madaftari wakabaki na hofu ambayo hakuna mtihani unaoipima.

Haifai kusema kwamba tabianchi peke yake ndiyo iliyouangusha mlima. Wataalamu wa Serikali walieleza kuwa miamba dhaifu ilinyonya maji hadi ikameguka. Mwaka ule kulikuwa pia na El Niño, ambayo ni hali ya asili. Hata hivyo, hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi zaidi, na kwa sababu hiyo mvua kubwa huzidi kuwa nzito kadiri dunia inavyopata joto.

Katika ukanda wa Mbulu na Hanang, ikiwemo Gehandu, madhara mengine huja kimyakimya. Mvua zikichelewa, mavuno hupungua na mchango wa chakula cha shule hukosekana. Mtoto mwenye njaa hujifunza nini? Visima vikikauka, mabinti hutumwa maji mbali. Katika jamii za wafugaji, wavulana hufuata mifugo inayosaka malisho, na wengine hawarudi darasani. Duniani kote, UNICEF ilikadiria kuwa mwaka 2024 masomo ya wanafunzi wasiopungua milioni 242 yalivurugwa na matukio ya hali ya hewa.

Mtaala ulioanza kutumika nchini Januari 2024 una somo la Jiografia na Mazingira katika shule za msingi. Somo hilo litafaa likitoka kitabuni. Wairaqw wa nyanda za juu za Mbulu wamelima miteremko kwa vizazi vingi kwa matuta, samadi na mifereji ya kuongoza maji. Wazee wenye ujuzi huo wangali hai, na mwalimu anaweza kuwaalika shuleni. Vivyo hivyo wanafunzi wanaweza kupima mvua kwa chombo rahisi na kulinganisha rekodi zao mwaka hadi mwaka. Kupanda miti ni kwema, ila mche usiomwagiliwa wakati wa kiangazi ni sherehe tu.

Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wa Laudato Si' wa mwaka 2015, alitenga sura ya sita kwa elimu na tasaufi ya ikolojia. Walimu wa dini na walezi wa Utoto Mtakatifu wanaweza kuanzia hapo. Kamati za shule na halmashauri za parokia zina kazi iliyo wazi zaidi: kuweka mifereji ya paa na matangi ya maji, kutojenga madarasa kandokando ya makorongo, na kukubaliana mapema mahali ambapo watoto watakimbilia mvua ikizidi, na mahali pa kusomea iwapo shule itapokea waathirika.