Breki za Land Rover ya zamani: zilikotoka na namna ya kuzibadili

Ndugu mkulima, na wewe mfanyabiashara unayepakia tumbaku na mpunga wa Ushetu kwenye Land Rover ya zamani, ukijua historia ya breki zake hutadanganywa gereji.

Land Rover ya kwanza ilioneshwa Amsterdam mwaka 1948, ikiwa na breki za dramu magurudumu yote manne. Series II na III, iliyokoma 1985, zilifuata hivyo hivyo. Dramu hushika maji na tope: ukivuka mto masika, unakanyaga na gari linaendelea kwenda. Mbaya zaidi, zile za mwanzo zina mkondo mmoja tu wa mafuta ya breki. Paipu moja ikipasuka, huna breki hata gurudumu moja.

Mwaka 1983 ikaja 110 yenye diski mbele, na sasa wengi wanataka diski hizo kwenye Series. Sawa, ila sikiliza. Kiatu cha dramu huvutwa na dramu yenyewe inapozunguka, kikajikaza. Diski haina msaada huo, hivyo inahitaji boosta, pamoja na silinda kuu ya mikondo miwili inayolingana nayo. Fundi akiviacha hivyo, mguu wako ndio utakuwa boosta, na nyuma umebeba shehena na watu.

Fedha haitoshi msimu huu? Bakia na dramu, lakini weka viatu na paipu mpya, badili mafuta ya breki. Ukitoka majini, kanyaga kidogo kidogo kwa mwendo mdogo hadi zikauke.