Haki za mwenye gari anaposhuku ulaghai gerejini

WAKAZI wa mitaa ya Eastlands jijini Nairobi wanaomiliki magari huwa na njia mbili za kuyakarabati: kwa makanika wa jua kali, kama wale wa Kariobangi Light Industries, au katika gereji za kampuni za kuuza magari zilizoko Eneo la Viwanda.

Wanaokwenda kwa kampuni hulipa zaidi wakiamini kuwa kazi itafanywa kwa uaminifu. Hata hivyo, gari likirudi na kelele zile zile, au ankara ikitaja vipuri ambavyo mteja hakuagiza, shaka huingia.

Shaka pekee haithibitishi wizi, kwani kelele mpya huenda ikatokana na hitilafu nyingine. Ndiposa mteja anahitaji ushahidi, na Sheria ya Kulinda Wateja ya mwaka wa 2012 inamwezesha kuupata. Ina sehemu maalumu kuhusu ukarabati wa magari.

Kwanza, mteja ana haki ya kupewa makadirio ya gharama kabla ya kazi kuanza. Malipo hayafai kuzidi makadirio hayo kwa zaidi ya asilimia 10. Aliyekadiriwa Sh20,000 hapaswi kudaiwa zaidi ya Sh22,000 kwa kazi ile ile.

Pili, fundi anapaswa kumrudishia mwenye gari vipuri vilivyotolewa, isipokuwa mteja aseme mapema kuwa havihitaji. Vile vinavyobadilishwa chini ya dhamana ya mtengenezaji huenda visirudishwe.

Tatu, vipuri vipya vilivyowekwa pamoja na kazi ya kuviweka huwa na dhamana ya angalau siku 90 au kilomita 5,000, kutegemea kitakachotangulia. Kikiharibika katika muda huo, mteja hurudisha gari kwa aliyelitengeneza. Dhamana haimkingi aliyelitumia gari vibaya.

Anayeshuku kuwa amelaghaiwa alinganishe ankara na makadirio, mstari kwa mstari. Plagi, pedi za breki na kichujio cha hewa ni rahisi kukaguliwa kwa macho.

Aidha, alipeleke gari kwa fundi mwingine likaguliwe kabla ya chochote kufunguliwa na kubadilishwa. Fundi huyo aandike alichokiona, aweke tarehe na kutia sahihi. Picha za vipuri pia ni muhimu.

Baada ya hapo, amwandikie meneja wa gereji barua ya malalamishi na kubaki na nakala. Malumbano ya mdomo langoni hayaachi ushahidi wowote.

Asiporidhika, anaweza kuwasilisha kesi katika Mahakama ya Madai Madogo, iliyoanza kazi Milimani mwaka wa 2021. Mahakama hiyo husikiza madai yasiyozidi Sh1 milioni, na mlalamishi anaweza kujiwakilisha bila wakili. Sheria inataka kesi iamuliwe katika muda wa siku 60 tangu iwasilishwe.

Sheria haibagui kati ya kampuni kubwa na fundi wa kando ya barabara. Tofauti ni kwamba fundi wa mtaani mara nyingi hatoi karatasi yoyote, hivyo ni jukumu la mteja kuidai.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye gari adai makadirio kwa maandishi, na aseme mapema kuwa anataka vipuri vyake vya zamani, kabla ya kukabidhi ufunguo.