Genge, nyama ya Burma na faili zinazopotea

Kama umewahi kupita Barabara ya Jogoo, unalijua soko la Burma, pale karibu na City Stadium. Watu huenda huko kutafuta nyama. Nikiwa shule ya msingi mama alikuwa akinituma, na njiani ndipo nilipojifunza muziki: kila matatu ilipita na besi yake.

Turudi nyuma kidogo. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Kalamashaka wa Dandora walionyesha kwamba rapu ya Kiswahili na Sheng ina wasikilizaji wake. Maneno yalikuwa ya Eastlands, lakini mdundo ulikuwa bado jirani wa New York: mzito, wa taratibu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Ogopa DJs wakaja na kapuka, na Clemo wa Calif Records, pamoja na Nonini na Jua Cali, wakaja na genge. Studio hiyo ilibeba jina la mtaa wa California. Mdundo ukawa mwepesi, wa kuchezeka, wenye nafasi ya kutosha kwa mzaha wa mtaani.

Nini kilirahisisha mambo? Kompyuta. FruityLoops ilitoka Ubelgiji mwaka 1997, ikabadilishwa jina kuwa FL Studio mwaka 2003. Kwa programu za aina hiyo, kijana mmoja chumbani aliweza kufanya kazi ya bendi nzima.

Mwaka 2009 kebo ya SEACOM ikafika Mombasa, intaneti ikaanza kuwa nafuu. Ethic, vijana wa Umoja, walipotoa Lamba Lolo mwaka 2018, gengetone ilienea kupitia YouTube bila kusubiri ruhusa ya redio. Miaka ya karibuni tumepata arbantone, inayokata vipande vya nyimbo na midundo ya zamani na kuvijenga upya.

Wapo wanaosema arbantone ni uvivu. Mimi nabisha. Kazi yangu ni kuandika programu, na sijawahi kuanza na ukurasa mtupu. Linux imekua tangu 1991 kwa sababu msimbo wake uko wazi, na majina ya walioandika yanabaki.

Tatizo letu ni jingine: tunarithi MP3 peke yake. Ukinunua nyama mbichi Burma, utaichemsha, utaikaanga au utaichoma, shauri yako. Ukipewa iliyokwisha kuchomwa, utaila tu. MP3 ni nyama iliyochomwa. Ngoma, besi na sauti zimeshikana. Siku hizi kuna programu za akili bandia zinazojaribu kuzitenganisha, lakini mara nyingi sauti hubaki na makovu.

Nikiwa chuoni nilitengeneza biti saba na rafiki yangu. Diski ikafa. Nilichobaki nacho ni MP3 mbili nilizowahi kumtumia kwa barua pepe. Zile tano nyingine hata kuziimba siwezi tena. Kama mwanafunzi wa kompyuta alisahau kuweka nakala, je, studio ya mtaani yenye mashine moja na umeme unaokatika?

Kwa hiyo, tukiuliza sauti ya Eastlands iende wapi, mimi siulizi iwe ya haraka au ya polepole. Nauliza nani ameweka faili. Wajamaika walizoea kuweka mdundo mtupu upande wa pili wa santuri, wakauita version, na wengine wakaimba juu yake. Sisi tufanye vivyo hivyo: kila wimbo utoke na mdundo wake mtupu, faili zake zihifadhiwe mahali pawili, na jina la aliyeutengeneza liandikwe. Anayekata kipande amtaje mwenyewe na amlipe.

Wewe mwenye studio, chomeka diski ya pili leo. Mtoto anayetumwa nyama Burma leo atazihitaji hizo faili.